Bei ya madini ya viwandani: utaitafuta wapi?

Mwenye dhahabu akitaka kujua bei yake haulizi mtu. Namba ni moja dunia nzima, na inabadilika mbele ya macho yake. Mwenye shaba au zinki naye anayo London Metal Exchange, soko lililoanzishwa mwaka 1877. Lakini mwenye kaolini, bariti, felspa, talki, fluospa au kinywe (grafiti) akiuliza swali hilohilo sehemu nne, atarudi na majibu manne yanayopishana vibaya, na huenda yote manne yakawa ya kweli.

Hali iko hivyo kwa sababu madini haya hayanunuliwi kwa ajili ya metali iliyomo ndani yake. Yananunuliwa kwa kazi yanayofanya: kaolini kwa weupe wake kwenye karatasi na vyombo vya kauri, bariti kwa uzito wake kwenye tope la kuchorongea visima vya mafuta, talki kwa ulaini wake kwenye plastiki na vipodozi. Kila kazi ina vipimo vyake, na kila kipimo kina bei yake. Hata JORC, kanuni ya Australia ya mwaka 2012 ya kutangaza mashapo, inadai katika kifungu cha 49 kwamba madini yanayotambulika kwa vipimo yatangazwe pamoja na vipimo hivyo. Tani peke yake haitoshi. Yapo machache yaliyoingia kwenye masoko ya mikataba ya baadaye, ambako watu hukubaliana leo bei ya mzigo wa miezi ijayo, kama magadi soda huko Zhengzhou, China, tangu 2019 na lithiamu kabonati huko Guangzhou, China pia, tangu 2023. Mengine karibu yote hayana soko la namna hiyo.

Kwa hiyo anayetafuta bei anabaki na vyanzo vinne: mashirika yanayotathmini bei na kuziuza kwa ada, takwimu za forodha, ripoti za bure za taasisi za umma, na ofa za wauzaji na wanunuzi wenyewe. Nitavipima vyote kwa mizani moja.

Mambo manne ya kuuliza kabla ya kuamini namba yoyote

La kwanza na zito kuliko yote: hii ni bei ya bidhaa gani hasa? Fluospa yenye angalau asilimia 97 ya kalsiamu floraidi huenda kwenye viwanda vya asidi ya haidrofloriki. Iliyo chini ya hapo huishia zaidi kwenye tanuri za chuma na kwenye kauri, na bei zake ni nyingine. Bariti ya visima ilidaiwa kwa miaka mingi uzito mahususi wa 4.20, yaani iwe nzito mara 4.20 kuliko maji, kisha mwaka 2010 Taasisi ya Petroli ya Marekani (API) ikaongeza daraja la 4.10 kwa kuwa mawe mazuri yalikuwa yanapungua. Kinywe hutenganishwa kwa chekeche: magamba yanayobaki juu ya meshi 80, yaani matundu ya mikroni 180, ni bidhaa tofauti na unga unaopita meshi 100, hata kama vyote vimetoka shimo moja na vina kaboni asilimia 94. Mchanga wa silika ndio mfano unaoshangaza zaidi. Mchanga wa kawaida huuzwa kwa makumi ya dola kwa tani. Kwatzi safi mno ya Spruce Pine, North Carolina, inayotengenezewa vyungu vya kuyeyushia silikoni, huuzwa kwa maelfu.

La pili: bei ya wapi? Bei ya mgodini, bei ya mzigo ukiwa umeshapakiwa melini (FOB), na bei ya mzigo uliofikishwa bandari ya mnunuzi pamoja na bima na nauli (CIF) ni bei tatu. Kwa madini ya bei ndogo, nauli inaweza kuzidi thamani ya mzigo wenyewe.

La tatu: bei ya lini? La nne: nani aliyeipima, ana faida gani nayo, na wewe itakugharimu kiasi gani kuipata?

Nyongeza moja ndogo inayowatoa watu machozi: tani gani? Tani ya metriki ni kilo 1,000, tani fupi ya Kimarekani ni kilo 907 hivi. Tena kuna tani ya mzigo wenye maji na tani ya mzigo mkavu. Shehena ya tani 1,000 yenye unyevu wa asilimia 8 ina tani kavu 920 tu. Bei ikiwa dola 300 kwa tani kavu, na wewe ulipiga hesabu kwa tani zote, umejipa dola 24,000 ambazo hazipo.

Mashirika ya kutathmini bei

Hawa ni kina Fastmarkets, Argus na Asian Metal. Waandishi wao huwapigia simu wazalishaji, wafanyabiashara na viwanda, huuliza mauzo yaliyofanyika, ofa zilizotolewa na zabuni zilizokataliwa, huondoa namba zinazotia shaka, kisha hutangaza bei, mara nyingi ikiwa na kima cha chini na cha juu.

Kwenye swali la bidhaa, hakuna chanzo cha kuchapishwa kinachowafikia. Mstari mmoja wa jedwali lao husomeka hivi: kinywe cha magamba, chini ya meshi 100, kaboni asilimia 94, FOB China. Ndani ya mstari huo umeshajibiwa bidhaa ipi na mahali gani. Kazi inayobaki ni yako: kujua mzigo wako unatofautianaje na huo, na tofauti hiyo ina thamani gani. Hapa wengi huteleza. Wanachukua bei ya meshi kubwa kwa kaboni 94, na mzigo wao una kaboni 88 na magamba madogo, kisha wanamshangaa mnunuzi anayewapa nusu.

Kwa wakati, wako mbele. Bei nyingi hutoka kila wiki au kila mwezi, na pale soko linapokimbia tofauti hiyo ni ya kufa na kupona. Lithiamu kabonati nchini China ilikaribia yuani 600,000 kwa tani Novemba 2022. Mwaka 2023 ulipokwisha ilikuwa inacheza karibu na 100,000. Aliyekuwa anasoma taarifa ya miezi sita nyuma katika mwaka ule alikuwa anasoma habari za soko lililokwisha kufa.

Udhaifu wao ni wa aina mbili. Ada ya mwaka ni nzito kwa mchimbaji mdogo au mwanafunzi. Na katika masoko membamba, ambako shehena chache tu huuzwa kwa mwezi, bei iliyotangazwa hutegemea sana uamuzi wa mtathmini. Mashirika makubwa huchapisha taratibu zao bure, na mengi hufuata kanuni ambazo IOSCO, jumuiya ya wasimamizi wa masoko ya mitaji, ilizitunga mwaka 2012 kwa ajili ya watathmini wa bei za mafuta. Soma utaratibu huo hata kama hulipii bei zenyewe. Ni shule nzuri ya kujua daraja lipi linahesabiwa kuwa la kawaida kwa madini yako.

Chanzo hiki kinamfaa anayeandika mkataba wa muda mrefu unaohitaji bei ya rejea, anayenunua mara kwa mara kwa wingi, na anayetafuta fedha za mradi kwa benki inayodai ushahidi huru. Hakimfai anayetaka kujua mara moja tu kama jiwe alilonalo lina thamani.

Takwimu za forodha

Kila mzigo unaovuka mpaka huandikwa uzito na thamani yake. Umoja wa Mataifa hukusanya rekodi hizo katika hazina ya Comtrade, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma. Gawanya thamani kwa uzito, unapata bei ya wastani. Ni mauzo halisi, ya mizigo iliyosafiri kweli, na hilo ni jambo kubwa katika biashara iliyojaa maneno.

Ubora wa jibu unategemea msimbo wa forodha. Tarakimu sita za kwanza ni zilezile dunia nzima, na ndani ya tarakimu hizo madini mengine yamebahatika. Fluospa ina misimbo miwili: 252921 kwa ile isiyozidi asilimia 97 na 252922 kwa inayozidi. Mpaka huo unakaribiana sana na mpaka wa soko lenyewe, kwa hiyo wastani wa forodha una maana. Talki imegawanywa kati ya isiyosagwa, 252610, na iliyosagwa, 252620. Kinywe hakikubahatika: 250410 inabeba unga wote na magamba yote, makubwa kwa madogo, safi kwa chafu.

Ona wastani unavyoweza kudanganya bila mtu yeyote kusema uongo. Tuseme nchi fulani imeuza nje tani 4,000 za talki iliyosagwa kwa dola 1,000,000. Wastani ni dola 250. Ukipekua unakuta tani 3,800 ni za viwanda vya rangi, kwa dola 200, na tani 200 ni za dawa na vipodozi, kwa dola 1,200. Hakuna mnunuzi hata mmoja aliyelipa 250. Mwenye talki ya rangi akiishikilia namba hiyo mezani atapoteza mteja. Mwenye talki ya vipodozi akiikubali atakuwa amegawa mali yake.

Dawa ni kutokusimama kwenye jumla. Fungua nchi kwa nchi, na mwezi kwa mwezi panapowezekana. Mizigo ya kilo 200 yenye bei ya ajabu ni sampuli, itupe. Njia inayopitisha maelfu ya tani kila mwezi kwa bei inayotulia ni daraja moja linalokwenda kwa wateja walewale, na hapo ndipo bei ya kweli ilipojificha. Nchi nyingi huongeza tarakimu zao baada ya zile sita, kwa hiyo tovuti ya forodha ya nchi husika inaweza kukutenganishia madaraja ambayo Comtrade imeyachanganya. Mimi naona hiki ndicho chanzo kinachodharauliwa kuliko vyote, kwa sababu tu kinadai uvumilivu wa kuchambua.

Kuhusu mahali, kwa kawaida mauzo ya nje huandikwa kwa FOB na manunuzi kwa CIF, hivyo usichanganye upande wa muuzaji na wa mnunuzi katika safu moja. Kuhusu wakati, hesabu miezi ya kuchelewa, na kumbuka kwamba mzigo ulioingia leo huenda bei yake ilikubaliwa miezi mingi nyuma. Kuhusu nani anafaidika: kampuni ikiiuzia kampuni dada yake ya nchi nyingine, bei iliyoandikwa inaweza kuwa imepangwa kwa sababu za kodi. Na usisahau pengo kubwa kuliko yote: kinachouzwa na kutumika ndani ya nchi ileile hakionekani humu kabisa.

Kinamfaa mchimbaji anayetafuta nchi zipi hununua madini yake na kwa bei gani, mtafiti wa soko, na yeyote anayetaka kukagua ukweli wa ofa aliyopewa bila kulipa hata senti.

Ripoti za bure za taasisi za umma

Inayojulikana zaidi ni Mineral Commodity Summaries ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS. Hutoka kila mwaka, miezi ya mwanzo, na hutoa kurasa mbili kwa karibu kila madini: uzalishaji, matumizi, biashara, akiba ya dunia na bei za miaka mitano. Benki ya Dunia nayo hutoa kila mwezi jedwali la bei za bidhaa, linaloitwa Pink Sheet, ambalo lina fosfeti na potashi.

Kwa swali la bidhaa, ripoti hizi ni za jumla. Safu ya bei ya USGS inaelekea kwenye soko la Marekani, na msingi wake hubadilika: hapa ni wastani wa thamani mgodini, pale ni wastani wa thamani ya mizigo iliyoingizwa. Maelezo hayo yako pembeni ya jedwali au chini yake. Asiyeyasoma atalinganisha vitu visivyolingana. Mahali pengine utakuta herufi W badala ya namba. Maana yake takwimu imefichwa kwa sababu wazalishaji ni wachache mno na kuitoa kungefichua siri ya kampuni. Hilo lenyewe ni taarifa: soko hilo liko mikononi mwa wachache.

Kwa wakati, zimechelewa. Nguvu yake iko katika urefu wa kumbukumbu. Fosfeti ilikuwa karibu dola 45 kwa tani mwanzoni mwa 2007, ikavuka dola 400 katika 2008, kisha ikaporomoka. Aliyeona mstari huo mzima hawezi kujenga mradi wa miaka ishirini juu ya bei ya mwaka mmoja mzuri.

Zinamfaa mwanafunzi, mwandishi wa habari, mwekezaji anayeanza, na yeyote anayehitaji namba anayoweza kuitaja mbele ya watu bila kuulizwa kaitoa wapi.

Ofa za wauzaji na wanunuzi

Hapa unaandika barua kwa mnunuzi, unaambatanisha cheti cha maabara, unamtumia sampuli, na unasubiri akupe bei. Au wewe ndiwe mnunuzi, na unaomba ankara za makadirio kwa wauzaji watano.

Kwa swali la bidhaa, hakuna kinachokaribia usahihi huu, maana bei inatolewa kwa jiwe lako wewe, pamoja na makato ya chuma kilichozidi, unyevu uliozidi na weupe uliopungua. Mahali na masharti ya malipo vimeandikwa. Wakati ni leo. Na ndiyo bei pekee kati ya zote ambayo mtu anaweza kukulipa.

Tatizo ni kwamba ofa si mauzo. Muuzaji huanza juu, mnunuzi huanza chini, na dalali ana hesabu zake katikati. Bei zinazobandikwa kwenye tovuti za biashara, zile za «dola 100 hadi 500 kwa tani», ni chambo. Usiziweke kwenye hesabu yoyote. Gharama nayo ipo, ingawa haionekani kama ada: vipimo vya maabara, kusafirisha sampuli, na muda. Kiwanda cha kauri au cha dawa kinaweza kujaribu mzigo wako kwa miezi kabla ya kutamka bei, kwa kuwa kubadili malighafi kunaweza kuharibu bidhaa zake zote. Usimuone kuwa anakuzungusha.

Mnada ni aina ya ofa iliyo wazi zaidi. Pilbara Minerals ya Australia iliuza spodumeni, madini yanayotoa lithiamu, kwa mnada wa mtandaoni Julai 2021, tani 10,000 kwa dola 1,250 kwa tani, na mwishoni mwa 2022 minada yake ilipita dola 7,000. Soko zima lilikuwa linaitazama minada hiyo. Lakini ilikuwa ya mzigo mdogo wa ziada, na mauzo yake mengi yalikwenda kwa mikataba. Bei ya mnada hukuonyesha mwenye haraka yuko tayari kulipa kiasi gani, na si lazima wengine wote walipe hivyo.

Njia hii inamfaa mwenye mzigo mkononi, au kiwanda kinachotaka kununua mwezi huu. Haimfai asiye na cheti cha maabara, kwa sababu atapewa bei ya mtu asiyejua anachouza.

Kulingana na ulipo

Umepata mashapo na hujui chochote kuhusu soko lake? Usilipe ada ya mtu. Anza na kurasa mbili za USGS ujue madini hayo yanatumika wapi, pima sampuli, kisha ingia forodha uone nani anayanunua. Siku mbili za kazi hiyo zitakuonyesha kama inafaa kuendelea.

Unauza shehena ya kwanza? Tafuta ofa tatu au zaidi zilizoandikwa kwa vipimo vilevile na mahali palepale, kisha ziweke pembeni ya wastani wa forodha wa njia inayofanana na yako. Ofa iliyo mbali sana na wastani huo, juu au chini, idai maelezo. Iliyo juu mno hasa: mara nyingi mwenye nayo anatafuta malipo ya awali au sampuli ya bure.

Unaandika mkataba wa miaka kadhaa? Hapo ada ya shirika la kutathmini inajilipa yenyewe. Taja mstari kamili wa bei mnayoirejea, namna ya kurekebisha kwa ubora uliozidi au kupungua, na mtafanya nini shirika likiacha kutangaza bei hiyo. Kipengele hiki cha mwisho husahaulika, na mistari ya bei hufutwa kweli pale soko linapokauka.

Unaandaa upembuzi yakinifu wa kuombea mkopo? Tumia tathmini ya sasa pamoja na kumbukumbu ndefu za ripoti za umma, na ujaribu mradi wako kwa bei ya mwaka mbaya. Mradi wa lithiamu uliosimama tu kwa bei za Novemba 2022 haukuhitaji bahati mbaya ili uanguke.

Unanunulia kiwanda? Ofa kwanza. Forodha itakuonyesha wenzako wa nchi nyingine wanalipa kiasi gani, na hiyo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi utakayoingia nayo kwenye mazungumzo na muuzaji.

Na kama mali yako ni mchanga wa kawaida, jasi ya saruji au mawe ya chokaa, weka kando majedwali yote matatu ya kuchapishwa. Chora duara kwenye ramani kuzunguka machimbo yako, hesabu viwanda vilivyo ndani yake, uliza kila kimoja kinalipa kiasi gani mzigo ukifika getini, kisha toa nauli ya lori. Kinachobaki ndiyo bei yako ya mgodini, na kwa kiwanda cha mbali inaweza kuwa sifuri.